Tableti ya bei ya chini, boksi ya bei ya chini: pesa inayobaki inalipwa na nani?

Ukipita Birere mjini Goma, ama Kadutu mjini Bukavu, ama kwenye maduka ya Butembo na Bunia, utaziona zimepangwa nyuma ya vioo: tableti za kila rangi, na pembeni yake vile visanduku vidogo vyeusi vya kuchomeka nyuma ya televisheni. Muuzaji anakuita: « Papa, kamata hii, iko ya Dubai ya kweli. Haiko na shida. » Ukiuliza bei unashangaa. Moja inauzwa sawa na simu ndogo. Nyingine, ya ukubwa ule ule na kioo kinachofanana, inaomba mara tano ama sita ya pesa ile. Unauliza tofauti iko wapi. Jibu ni moja tu: « Ile iko ya marki. »

Swali hili linarudi mara mingi kwetu, zaidi wakati wazazi wanatafutia watoto kitu cha kusomea, ama wakati familia inachoka kulipia dekoda kila mwezi. Ni swali zuri, na jibu la muuzaji halitoshi. Kioo, bateri na waya havishuki bei mara tano kwa sababu tu jina limebadilika. Kama kifaa ni cha bei ya chini sana, mara mingi maana yake ni kwamba hakijamalizwa kulipwa siku unakinunua. Kuko mtu mahali fulani anayengoja kupata sehemu iliyobaki, polepole, wakati wewe unakitumia. Ili kumjua mtu huyo, inabidi turudi nyuma kidogo, mpaka Marekani, mahali vita hii ya bei ilianzia.

Bei ya 499

Tarehe 3 Aprili 2010, kampuni ya Apple ilianza kuuza iPad. Tableti zilikuwako mbele ya hapo, lakini zilikuwa nzito, za kuandikia kwa kalamu, za watu wachache wa ofisi. iPad ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 499. Siku ya kwanza ziliuzwa zaidi ya 300,000, na ndani ya siku 80 zilifika milioni 3. Kampuni ya iSuppli, iliyokuwa ikifungua vifaa na kuhesabu bei ya kila kipande, ilikadiria kwamba vipande vya ile iPad pamoja na kuviunganisha viligharimu karibu dola 260, bila kuhesabu usafiri, programu na matangazo. Hiyo ndiyo biashara tunayoifahamu wote, tangu mama wa sambusa mpaka mwenye depo: unatengeneza kitu, unakiuza kwa bei inayopita ulichotumia, faida unaiona siku ile ile.

Wengine wakakimbilia mlango huo huo. Motorola ilileta Xoom mwezi wa pili 2011, dola 799 kwa ile isiyofungwa kwenye mkataba wa simu. BlackBerry ikaleta PlayBook mwezi wa nne, dola 499. Na kampuni hiyo iliyojulikana dunia nzima kwa barua pepe ikaitoa bila programu yake yenyewe ya barua pepe. Halafu HP ikaleta TouchPad, tarehe 1 Julai 2011, nayo dola 499.

Hii ya HP inafaa kukumbukwa. Tarehe 18 Agosti 2011, siku 48 tu baada ya kuanza kuuza, HP ilitangaza kwamba inaacha. Ili kumaliza zile zilizobaki, ikashusha bei mpaka dola 99. Maduka yaliyokuwa yamejaa TouchPad zisizotakiwa yakaisha kwa siku chache. Watu walipanga foleni kununua tableti ambayo walijua kabisa kwamba aliyeitengeneza ameitupa.

Funzo kwa wafanyabiashara lilikuwa wazi: watu walitaka tableti, lakini kwa dola 499 walitaka ile ya Apple tu. Kwa dola 99 wangechukua hata yatima. Shida ilikuwa kwamba hakuna mtu anayeweza kuuza kwa dola 99 kitu kilichomgharimu mara tatu ya hiyo. Labda kama pesa yake anaipata mahali pengine.

Frigo ya nganda

Aliyepata mahali pengine ni Amazon, duka kubwa la intaneti. Tarehe 28 Septemba 2011, bosi wake Jeff Bezos alionyesha tableti inayoitwa Kindle Fire, dola 199. iSuppli ikaifungua nayo, ikahesabu: gharama karibu dola 202. Kwa maneno mengine, kampuni iliuza bila faida, pengine kwa hasara ndogo. Mwaka 2012 Bezos alisema wazi mbele ya waandishi wa habari kwamba vifaa vyao wanaviuza kwa gharama, na kwamba wanataka kupata pesa wakati watu wanavitumia, si wakati wanavinunua.

Sisi tunaijua biashara hiyo, hata kama hatuiiti hivyo. Kampuni ya bia inampa mwenye nganda frigo, viti vya plastiki, hata rangi ya ukuta. Je, inampenda? Hapana. Frigo ile ni ya kupozea bia yake. Kila chupa inayotoka ndani yake ndiyo inailipa. Na siku mwenye nganda anatia ndani yake bia ya kampuni nyingine, mugeni wa kwanza atakayemuona ni mutu wa kampuni anayekuja kuuliza.

Kindle Fire ilikuwa frigo ya Amazon. Ndani yake kulikuwa na duka la vitabu la Amazon, duka la filamu la Amazon, duka la programu la Amazon. Nyingi ziliuzwa na matangazo ya biashara kwenye kioo kabla hujafungua. Ukitaka yaondoke, unaongeza pesa. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita 2012, Google nayo ikaingia na Nexus 7 iliyotengenezwa na Asus, dola 199 vilevile, kwa sababu Google inaishi kwa matangazo na kwa duka lake la programu. Mwezi wa tisa 2015 Amazon ilifika chini kabisa: tableti ya dola 49.99, na ukinunua tano unapewa ya sita bure, sawa vile watu wananunua soda kwa kazye.

Apple ilibaki kwa ile biashara ya zamani, kupata faida kwenye kifaa chenyewe, hata kama nayo ina duka lake la programu na inachukua sehemu yake humo. Ndiyo sababu iPad mpya haijawahi kuuzwa bei ya sabuni.

Vita ikahamia nyuma ya televisheni

Mambo yale yale yalipita kwenye televisheni, na kwa kasi zaidi. Hivi visanduku vinafanya kazi moja: vinachukua picha toka intaneti na kuzipeleka kwenye televisheni ya kawaida yenye tundu la HDMI. Apple TV ya kwanza, mwaka 2007, iliuzwa dola 299; mwaka 2010 ilishuka mpaka 99. Roku ilitoka mwezi wa tano 2008, karibu dola 100. Google ilileta Chromecast mwezi wa saba 2013: kijiti kidogo cha dola 35. Amazon ikajibu mwezi wa kumi na moja 2014 na kijiti chake, Fire TV Stick, dola 39. Kwa miaka sita hivi, bei ya kuingiza intaneti kwenye televisheni ilianguka toka 299 mpaka 35.

Historia ya Roku inafundisha. Ilizaliwa ndani ya Netflix, kampuni ya filamu. Ilipobaki kidogo tu kutoka, mkuu wa Netflix, Reed Hastings, alikataa Netflix isiiuze yenyewe. Aliona mbali: akiuza boksi yake mwenyewe, watengenezaji wengine wa televisheni na maboksi watamuona mshindani, watakataa kuweka Netflix ndani ya vifaa vyao. Alichagua kuuza bia ndani ya frigo za watu wote kuliko kuwa na frigo moja. Roku ikaenda njia yake peke yake.

Na ilifika wapi? Mwaka 2018 Roku ilipata karibu dola milioni 417 kwa matangazo na huduma, na karibu milioni 326 kwa kuuza vifaa. Miaka iliyofuata ikafika hatua ya kuuza vifaa kwa hasara, kwa sababu kila boksi inayoingia nyumbani ni ukuta mpya wa kubandika matangazo.

Ili matangazo yawe na bei, inabidi kujua nani anaangalia nini. Mwezi wa pili 2017, serikali ya Marekani na jimbo la New Jersey zilimaliza kesi na Vizio, kampuni ya televisheni za bei nafuu: ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kuchukua habari za vitu watu wanavyoangalia, kwenye televisheni milioni 11, bila ruhusa yao. Televisheni yenyewe ilikuwa inaangalia watu. Miaka saba baadaye, Walmart, duka kubwa kabisa la Marekani, lilinunua Vizio kwa dola bilioni 2.3, na nia kubwa ilikuwa ile biashara ya matangazo.

Wakati wenye frigo wanagombana

Mnamo Oktoba 2015 Amazon iliwaambia wauzaji wake waache kuuza Apple TV na Chromecast kwenye duka lake. Sababu iliyotolewa ni kwamba vifaa hivyo havielewani vizuri na huduma yake ya filamu. Mwezi wa kumi na mbili 2017 Google ikajibu: kuanzia 1 Januari 2018 YouTube haitafunguka tena kama kawaida kwenye Fire TV. Fikiria mutu aliyenunua kijiti chake kwa pesa yake halali, akakichomeka sebuleni, watoto wanaangalia YouTube kila jioni. Kifaa hakikuharibika. Umeme upo, intaneti ipo. Lakini kampuni mbili zinavutana na YouTube inaondoka. Apple na Amazon zilipatana mwisho wa 2017. Google na Amazon zikakubaliana mwezi wa nne 2019, na mwezi wa saba YouTube ikarudi.

Hata bila ugomvi, kifaa cha namna hii kina kamba inayokifunga kwa aliyekitengeneza. Tarehe 9 Machi 2025, Chromecast nyingi za kizazi cha pili zilikataa kufanya kazi siku moja, nchi mbalimbali kwa pamoja. Hati moja ya kielektroniki, ile inayohakikisha kwamba kifaa ni cha kweli, ilikuwa imepita muda wake. Google ilirekebisha baada ya siku chache. Wakati huo ilikuwa imeshaacha kutengeneza Chromecast tangu Agosti 2024, baada ya kuuza zaidi ya milioni 100, na mahali pake ikaweka boksi ya dola 99.99. Bei ya 35 ilikuwa ya kuingia vitani. Sasa vita imepoa.

Frigo imefika kwetu, bia haipo

Sasa turudi Birere. Tableti na vijiti hivi vinatufikia kwa njia ndefu: vingine vipya, vingine vilivyotumika Ulaya, Amerika ama Dubai. Na hapa ndipo hesabu inageuka, maana kifaa kilishushwa bei kwa kutegemea mteja wa huko, mwenye kadi ya benki, waifai isiyokatika na anwani ya kuletewa mizigo.

Tableti ya Fire haina duka la Google ndani. Mama anaifungua nyumbani, anatafuta WhatsApp ya kawaida na YouTube kama alivyozoea, anakuta duka la Amazon linaloomba akaunti, nchi na kadi. Amazon haina duka la Congo. Kuko vijana kwenye vibanda wanaojua kuingiza duka la Google kwa nguvu, na mara mingi inakubali, lakini sasisho likija toka kampuni kazi yote inaweza kuanza upya. Netflix yenyewe inafunguka kwetu tangu Januari 2016, ilipoingia nchi 130 kwa siku moja. Shida ni kulipa. Wengi wetu pesa yetu iko kwenye simu, si kwenye kadi.

Halafu mega. Netflix inahesabu karibu gigabaiti 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, na mpaka 3 kwa picha safi ya HD. Filamu ya saa mbili kwa HD inaweza kumeza gigabaiti 6. Piga hesabu na forfe yako ya wiki, utaona kwamba kijiti cha dola 35 ndicho kitu cha bei ya chini kuliko vyote katika safari hiyo. Kama unatumia hotspot ya simu, ingia kwanza kwenye mipangilio ya YouTube ama Netflix na ushushe ubora wa picha. Kwenye televisheni ya inchi 32 tofauti haiumizi macho. Mega inaiona.

Kuna pia vifaa vilivyofungwa. Mimi mwenyewe niliangukia hapo. Nilinunua tableti ya mkono wa pili kwa mtoto wa dada yangu aliyekuwa anaingia sekondari. Dukani ilikuwa inawaka, inacheza muziki, kila kitu sawa. Nyumbani mtoto akaifuta ili aanze upya, ikauliza akaunti ya mtu tusiyemfahamu na neno lake la siri. Niliporudi, muuzaji aliniambia: « Yaya, mulikosea kuifuta. » Hatukukosea. Tangu 2013 iPad zina kufuli inayofuata mwenye kifaa hata kikifutwa, na Android zikafuata na ya kwao. Kufuli hiyo iliwekwa ili kuzuia wizi, na ni jambo zuri, lakini anayelia ni mununuzi wa mwisho. Wanaosema wanaifungua kwa dola kumi, wengi wanaifungua mpaka siku utakapoifuta tena.

Uzee nao ni kufuli. iPad ya kwanza kabisa ilipata sasisho lake la mwisho mwaka 2012, miaka miwili tu baada ya kuzaliwa. Kioo chake kinaweza kuwaka hata leo, lakini programu mpya zinaikataa. Tableti ya zamani ya marki kubwa inaweza kuwa kazi bure mbele ya tableti mpya ya marki ndogo, kama unachotaka ni programu za leo.

Boksi zisizo na jina

Tumeongea juu ya kampuni zinazojulikana, ambazo mtu anaweza kuzishitaki. Sasa kuko zile boksi nyeusi zisizo na mwenyewe, zimeandikwa tu « Android TV » na namba kubwa: 8K, giga 256, na maneno kwamba chaneli zote ni bure. Aliyeitengeneza hana duka la filamu, hana matangazo yanayojulikana, hana jina. Basi sehemu yake anaipata wapi?

Kwa baadhi yake, jibu limepatikana, na si zuri. Mwezi wa kumi 2023 watafiti wa usalama wa kompyuta walitangaza mtandao waliouita BADBOX: maboksi ya televisheni na tableti za Android za bei ya chini, zilizotoka kiwandani ama njiani tayari zikiwa na programu mbaya ndani. Mununuzi anafungua karatoni mpya, na mwizi ameshakaa ndani. Mwezi wa kumi na mbili 2024 serikali ya Ujerumani ilikata mawasiliano ya vifaa karibu 30,000 vya namna hiyo nchini mwake. Mwezi wa sita 2025 polisi ya FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya kizazi cha pili cha mtandao huo, na mwezi uliofuata Google ikaupeleka mahakamani New York ikisema umeshika vifaa zaidi ya milioni 10.

Boksi kama hiyo inafanya nini usiku ukilala? Inabonyeza matangazo ya intaneti kimya kimya, ili mwenye mtandao alipwe kama vile ni watu wa kweli walioyatazama. Ama inakodisha njia yako ya intaneti: mtu wa mbali anayefanya uhalifu anapitia kwako, na akitafutwa anwani inayoonekana ni ya nyumba yako. Kazi hiyo yote inatumia mega zako. Mtu anayelalamika kwamba forfe inaisha « bila kufanya kitu » labda anakosea hesabu, labda watoto wanaangalia video kisiri. Lakini kama ana boksi isiyo na jina inayolala inawaka, anaweza kuizima usiku tatu na kulinganisha.

Sisemi kila boksi ndogo ni mwizi. Nyingine ni kazi ya kawaida ya viwanda vidogo. Ila kuna alama. Boksi ikikuomba kuzima ulinzi wa Google ili ifanye kazi, iache. Ikileta duka la programu usilolijua mahali pa duka la Google, iache. Kama lina duka la Google, fungua hilo duka, bonyeza picha ya akaunti juu, ingia Paramètres, kisha À propos, utafute mstari wa certification Play Protect. Kifaa kilichopita mikononi mwa Google kinaandikwa kwamba kimehakikishwa. Ni jambo la dakika mbili, na unaweza kulifanya dukani kwa hotspot yako.

Na koltani?

Huwezi kuongea juu ya tableti katika Kivu bila mtu kuuliza. Tantalum inayotoka kwenye koltani inatengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, tableti na kompyuta. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake, katika Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantalum ya dunia. Lakini ndani ya tableti moja kiasi chake ni kidogo sana, chini ya gramu, na watengenezaji wengine wamekipunguza zaidi kwa kutumia seramiki. Kwa hiyo bei ya chini ya tableti haitokani na koltani kuwa rahisi. Hata mchimbaji akilipwa mara mbili, bei ya dukani isingesogea kwa kiasi cha kuonekana. Hilo mimi ndilo linaniuma zaidi, maana halina hata udhuru wa hesabu.

Mwezi wa saba 2010, miezi mitatu baada ya iPad ya kwanza, Marekani ilipitisha sheria ambayo huku tuliiita « sheria ya Obama ». Haikukataza kampuni kununua madini yetu. Iliziomba ziseme zimeyatoa wapi. Mwezi wa tisa mwaka ule ule rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema mpaka Machi 2011. Wachimbaji wa mikono walikaa bila kazi wakati kule tableti zinapigania bei. Katika ripoti za kampuni leo utakuta orodha ndefu za viwanda vya kuyeyusha madini. Jina la shimo hutalikuta.

Mbele ya kutoa pesa

Kama umeamua kununua, mwombe muuzaji aifute kabisa mbele yako na aianzishe upya mpaka ifike kwenye kioo cha mwanzo, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, irudishe kwenye kioo chake. Usiamini giga zilizoandikwa kwenye karatoni; nakili filamu kubwa mbili tatu toka kwenye memori yako na uangalie kama zinafunguka zote. Uliza kama ina tundu la kadi ya memori. iPad haina, Android nyingi za bei ya chini zinayo, na kwa mtu wa Minova ama Walikale anayepata mtandao mara moja kwa wiki, tundu lile lina faida kuliko kijiti chochote: unapakua kwa waifai mjini, unaangalia nyumbani bila mega. Boksi na vijiti, angalia kama vinawaka kwa umeme wa USB wa televisheni yenyewe, maana nyumba nyingi zina sola ndogo na tundu moja tu.

Jaribu pia ile programu moja unayoitaka zaidi, si kumi ambazo muuzaji anakuonyesha. Kama ni ya masomo ya mtoto, ifungue pale pale, usubiri mpaka iingie. Muuzaji akisema intaneti yake imeisha, mpe ya kwako. Akikataa hata hivyo, duka la tatu upande wa kulia nalo linauza tableti.